Udi wa kupika, na namna ya kufukiza nyumba masika yakiisha

Fungua kabati la nguo mwanzoni mwa Juni, mvua za masika zikiwa zimekatika, na kitakachokupokea kwanza ni uvundo. Kanga zilizokunjwa tangu Machi zina vidoa vyeusi kwenye mikunjo, mkoba wa ngozi umeota unga wa kijani, godoro ukiliinua lina ubaridi wa maji. Wengi hapo hapo hukimbilia chetezo, na hilo ndilo kosa la kwanza. Moshi wa udi hauondoi uvundo. Hukaa juu yake, na baada ya siku mbili chumba kinanuka vyote viwili, yaani sukari iliyoungua na kuvu.

Kufukiza ni kazi ya mwisho. Hata hivyo tunaanza jikoni, kwa sababu udi, yaani vipande vya mbao yenye harufu vinavyovikwa sukari na marashi, ukishapikwa unataka wiki mbili za kuvumbikwa kabla haujachomwa, na hizo ndizo wiki za kuanika, kupangua na kupunguza vitu. Wanaosafisha nyumba kwa ajili ya Ramadhani wana hesabu nyepesi: pika udi nisfu Shaabani, na siku ya kuvunja jungu mtungi utakuwa umeiva. Kwa kuwa Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kuna miaka itaangukia kaskazi kavu na miaka itaangukia mvua. Mwaka wa mvua ongeza siku kadhaa za kukausha.

Vipande

Udi halisi ni mti wa jamii ya Aquilaria, wa nchi za Asia kama India, Kambodia na Indonesia. Mti mzima hauna harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi mzito ndani ya mbao, na utomvu huo ndio unaolipiwa. Kwa kupika huhitaji vipande vya bei kubwa. Vile vyeusi vinavyong'aa kwa utomvu vichome peke yake, bila sukari. Kuvipika ni kuvizika. Vya kupikwa ni vile vya kahawia vyenye mishipa michache ya utomvu, ambavyo muuzaji huviweka kwenye gunia au ndoo na si kwenye kasha la kioo.

Vijaribu kwa njia mbili. Chukua karatasi laini nyeupe, ilowanishe kidogo, usugue kipande. Karatasi ikitoka nyeusi, kimepakwa rangi. Kisha omba kipande kidogo ukiweke juu ya kaa la moto: utomvu huchemka na kutoa vipovu vidogo pembeni kabla mbao haijaanza kuungua. Kisichotoa kipovu ni kuni tu, ingawa hata kuni hiyo inaweza kubeba marashi ukiipika vizuri, ilmradi usiinunue kwa bei ya udi.

Kuna wanaotumia vipande vya msandali wa huku kwetu, Osyris lanceolata. Mti huu hung'olewa na mizizi yake, kwa kuwa mafuta mengi yako huko chini, na ndiyo maana umepungua sana. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Gunia la msandali lisilo na karatasi za kibali liache lilipo. Unga wa sandali wa dukani unatosha kwa kazi yetu.

Usitumie kamwe vipande vya mbao kutoka karakana ya seremala. Mbao nyingi za kujengea hutiwa dawa ya mchwa, na dawa hiyo ikiungua inaingia mapafuni. Vilevile usiokote vijiti vya mnyaa wala majani ya mnanaha kwa kuwa tu vimekauka vizuri. Miti yenye sumu haiachi sumu yake kwa kuchomwa.

Vipimo vya mtungi mmoja wa lita moja

Vipande vya udi gramu 250, vilivyovunjwa kufikia ukubwa wa harage
Sukari nyeupe gramu 200, ambayo ni kikombe kimoja cha kupimia
Maji ya waridi mililita 120, nusu kikombe
Unga wa sandali gramu 40
Ubani uliotwangwa gramu 30
Karafuu iliyotwangwa gramu 4, vijiko viwili vya chai vya kufuta
Marashi ya mafuta tola 2: moja ya udi, nusu ya waridi, nusu ya miski

Tola moja ni gramu 11.66, kwa hiyo chupa ndogo ya tola ni karibu mililita 12. Wauzaji wa marashi Darajani, Kariakoo na Marikiti bado wanapima kwa tola, lakini angalia chupa yenyewe, maana zipo zinazoitwa tola na ukizipima hazifiki.

Marashi lazima yawe ya mafuta, si ya kupuliza. Ya kupuliza yana spiriti, na spiriti hutoa mvuke unaowaka hata kabla haijachemka. Ukiimwaga kwenye sufuria ya moto karibu na jiko, unawasha moto jikoni mwako. Jaribio lake ni rahisi: pakaza tone nyuma ya kiganja. Likipoa kama barafu na kukauka ndani ya dakika moja, ni spiriti. La mafuta linabaki na mng'ao wake.

Sukari isizidi uzito wa vipande. Udi mwingi unaouzwa tayari una sukari nyingi kuliko mbao, kwa kuwa sukari ni rahisi na ina uzito, na ndiyo maana ukiuchoma unanuka kama kashata iliyosahauliwa jikoni. Kazi ya sukari hapa ni kushikiza unga na marashi kwenye kipande na kupunguza kasi ya kuungua. Ikizidi hapo, ni faida ya muuzaji.

Kulowesha

Siku ya kwanza weka vipande kwenye bakuli la kioo, mimina maji ya waridi, funika. Geuza asubuhi na jioni. Siku ya pili vichuje, maji yaliyobaki yaweke kando, vipande vitandaze kwenye ungo kivulini penye upepo kwa siku mbili. Jua kali hukausha upesi, lakini huondoka na harufu uliyotoka kuilipia.

Hatua ya kukausha ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu mitungi mingi. Kipande chenye maji kikiingia kwenye shira iliyokwisha kushika, hutoa maji yake ndani ya shira na kuirudisha nyuma. Utakoroga nusu saa na itabaki uji. Vunja kipande kimoja katikati: kikiwa na rangi ya kukolea ndani na ubaridi ukikigusisha mdomoni, kipe siku nyingine.

Shira

Anayejua kupika ubuyu ameshajua nusu ya kazi hii. Shira inachemshwa hadi ishike, kitu kikavu kinatiwa, kinakorogwa hadi sukari inageuka chembe na kukivaa.

Tumia sufuria yenye kitako kizito. Sufuria nyembamba ya bati huunguza sukari katikati wakati pembeni bado ni maji. Pima yale maji ya waridi uliyoyachuja, yajazie yafike nusu kikombe, tia sukari, weka kwenye moto mdogo. Koroga hadi sukari iyeyuke yote, kisha toa mwiko usikoroge tena. Chembe zikirukia ukutani mwa sufuria, zifute kwa kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye mpini wa kijiko. Ukiziacha zikaanguka ndani, shira itaganda kabla ya wakati wake.

Baada ya dakika nane hivi, weka kikombe cha maji baridi pembeni na dondoshea tone la shira. Tone likitawanyika, bado. Likikusanyika chini lakini ukilibonyeza linalala kama unga laini wa maandazi, umekaribia, ni nyuzi joto kama 115. Unalotaka ni tone linaloshika umbo la punje, linalobonyea kwa shida kidogo kati ya vidole na kurudi, nyuzi joto 118 hadi 120. Hapo zima moto. Jaribio la kikombe ni bora kuliko kipimajoto kwa aliye bara, kwa sababu Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na namba zote hizi hushuka, lakini tone halibadiliki.

Ukiiacha motoni, baada ya dakika chache shira huanza kugeuka rangi ya asali, kisha ya chai ya rangi. Ikifika hapo haifai tena kwa udi. Sukari iliyoungua haitulii mtungini, na kila utakapochoma itakuja yenyewe mbele ya waridi na miski. Isamehe sukari hiyo, anza upya, kikombe cha sukari ni rahisi kuliko tola ya marashi.

Na tahadhari moja ya jikoni: shira ya moto kiasi hicho inanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza, tofauti na maji yanayotiririka. Watoto wawe nje, na bakuli la maji baridi liwe mkononi.

Kuchanganya

Sufuria ikiwa imeshushwa jikoni, mimina vipande vyote mara moja na ukoroge kwa nguvu kutoka chini kwenda juu. Dakika ya kwanza vitaonekana vimelowa na kung'aa. Dakika ya tatu au ya nne shira itaanza kuwa nzito, kisha ghafla itapoteza mng'ao na kuwa na ukungu mweupe. Usisubiri hapo. Ukiona ule ukungu unaanza tu, nyunyiza unga wa sandali, ubani na karafuu, uendelee kukoroga. Unga ukiingia mapema unazama kwenye shira na kuwa tope. Ukichelewa, sukari imekwisha kukauka na unga unabaki chini ya sufuria. Una kama nusu dakika, kwa hiyo uwe umeupima na kuuchanganya kwenye bakuli moja kabla hujawasha jiko.

Baadhi ya watu hutia ndimu kwenye shira ili isigande, kama wanavyofanya kwenye kaimati. Kwa kaimati ni sawa. Kwa udi, ndimu huivunja sukari ikawa ya aina inayovuta unyevu hewani, na mtungi utakaa unanata hadi kiama. Wanaopenda udi wa kunata, ule wa kuchota kwa kidole, watie matone manne ya ndimu na wakubali kwamba hautahifadhika muda mrefu pwani.

Sasa subiri. Marashi hayaingii hadi uweze kuweka kiganja chote chini ya kitako cha sufuria na kukiacha hapo bila kuruka. Kwa kawaida ni nusu saa. Ukiyatia ikiwa moto, utasikia nyumba nzima inanukia na utafurahi, lakini harufu hiyo ndiyo uliyoipoteza. Iliyobaki mtungini ni kidogo. Tia marashi kwa kijiko, mara tatu, ukigeuza kila mara, kwanza udi, kisha waridi, miski mwisho. Miski nzito ya dukani inafunika kila kitu ikizidi nusu tola, na ndiyo inayowaumiza watu vichwa zaidi ya moshi wenyewe.

Tandaza kwenye sinia lenye karatasi ya kuokea, tenganisha vilivyoshikana vikiwa bado vuguvugu, viache usiku mmoja vikiwa vimefunikwa kitambaa chepesi. Kesho yake viingie kwenye mtungi wa kioo mkavu kabisa, uujaze hadi karibu na mdomo, ufunge. Plastiki hunywa marashi na kuyarudisha kwa harufu yake. Utikise mtungi kila baada ya siku tatu. Wiki ya kwanza ukinusa utasikia kila kitu peke yake, sukari huku, karafuu kule. Baada ya wiki mbili vimeshikana. Baada ya miezi miwili ni bora zaidi.

Ukiharibika

Udi ukishikana bonge moja usiotengana, shira iliondolewa mapema. Usiurudishe jikoni ukiwa na marashi. Uvunje kwa mchi, uukaushe kwenye sinia mbele ya feni siku mbili, na uhifadhi na kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu. Sukari ikiporomoka na kubaki chini ya mtungi kama chumvi, shira ilipita kiwango au ulikoroga muda mrefu mno. Udi bado unachomeka, ila ongeza marashi kidogo kwenye vipande na unga ule wa chini utumie kwanza, ukiwa umeuchanganya na ubani. Ukiona nyuzi nyeupe za kuvu, vipande viliingia na maji. Huo tupa wote, usichome kuvu chumbani.

Usiotaka sukari

Kuna uvumba mkavu wa majani na viungo ambao hauhitaji jiko wala marashi, na kwa chumba kilichokaa na uvundo wengine wanaupenda zaidi kwa kuwa hauachi utandu kwenye mapazia. Ubani gramu 70, manemane 15, kivumbasi kilichokaushwa kivulini 15, maganda ya chungwa makavu 15, mdalasini 10, karafuu 5. Majani na maganda yasizidi robo ya uzito wote. Yakizidi, utapata harufu ya shamba linalochomwa. Mchaichai unaweza kuchukua nafasi ya kivumbasi. Majani ya mkaratusi pia, ila nusu ya kiasi, yana ukali.

Ubani hutwangwa ukiwa baridi. Uweke kwenye friza saa moja, kisha utwange kidogo kidogo kwenye kinu cha shaba, ukigonga badala ya kusugua. Kusugua kunapasha joto, utomvu unalainika na kubandika kwenye mchi. Blenda ni mbaya zaidi, utakwangua visu vyake wiki nzima. Chembe za ukubwa wa mchele uliovunjika zinatosha. Unga laini sana huwaka upesi na kutoa moshi mzito mara moja.

Ubani mzuri, mwingi ukiwa unatoka Somalia na Dhofar kule Oman, ukiwekwa kwenye kaa hulainika, hutoa vipovu na moshi mweupe wenye uchachu wa mbali wa ndimu. Ukitoa moshi mweusi na harufu ya tapentaini, umechanganywa na utomvu wa msonobari.

Ukitaka vidonge, changanya na kijiko kimoja cha mezani cha asali, finyanga punje za ukubwa wa choroko, zikauke kivulini siku 10 hadi 14. Punje kubwa huungua nje na kubaki mbichi ndani.

Neno moja kuhusu ubani ukiwa peke yake. Kwa majirani wengi harufu hiyo ni ya maulidi au hitima, na kuna watakaofikiri umeita mganga. Si bure hata mchango wa msiba kuitwa ubani. Maganda ya chungwa na mdalasini huibadilisha harufu ikawa ya nyumba.

Nyumba kwanza

Chagua siku mbili mfululizo za jua la kipupwe, upepo wa kusi ukiwa unavuma. Siku ya kwanza ni ya kutoa vitu nje: magodoro yasimame wima juani na kugeuzwa adhuhuri, nguo zitoke kabatini zote, hata zile za sanduku la chini. Hapa ndipo pa kupunguza. Nguo iliyopita masika mawili bila kuvaliwa ina nafasi ndogo ya kuvaliwa ya tatu, na kabati lililobanwa halipitishi hewa, kwa hiyo kuvu hurudi hata ukifukiza kila Ijumaa. Acha nafasi ya viganja viwili kati ya rundo na ukuta wa nyuma wa kabati. Karatasi za zamani, maboksi ya viatu na magazeti yaliyolala juu ya kabati ni sifongo za unyevu. Yaondoke kwanza kuliko nguo.

Kuvu kwenye mbao futa kwa siki isiyochanganywa, subiri saa moja, futa tena kwa kitambaa kibichi, kausha. Kwenye ukuta wa chokaa tumia dawa ya klorini iliyopunguzwa kwa maji, madirisha wazi. Siki na klorini zisikutane kwenye ndoo moja wala kitambaa kimoja, hutoa gesi ya sumu. Kabati likae wazi usiku mzima. Asubuhi yake ingiza kichwa ndani uvute pumzi. Ukisikia mbao tu, basi liko tayari kwa chetezo.

Kufukiza

Makaa ya vifuu vya nazi ni mazuri kuliko yote: hushika joto sawasawa na hayana harufu yake. Ya mti mgumu yanafuata. Vile vidonge vya duara vinavyowaka kwa kiberiti vimetiwa shura, na dakika tano za mwanzo vinatoa harufu ya fataki. Subiri cheche ziishe. Washa makaa nje ya nyumba, na usiyaingize hadi yavae jivu jeupe kila upande pasiwe na ulimi wa moto. Chini ya chetezo weka jivu au mchanga mkavu kina cha vidole viwili, na chetezo chenyewe kikae juu ya sahani ya udongo, kwa sababu kitako kinapata moto wa kutosha kuacha alama nyeusi kwenye mkeka au meza.

Kaa moja linatosha chumba cha mita tatu kwa nne. Nyunyiza jivu jembamba juu ya kaa, kisha weka vipande viwili vya udi pembeni, si kileleni. Angalia moshi. Ukipanda mwembamba wenye rangi ya samawati, joto ni sawa. Ukitoka mzito wa manjano na kuwasha macho, sukari inaungua: ongeza jivu au sogeza kipande. Jivu hilo jembamba ndilo linalotofautisha udi wa nyumba moja na nyingine hata kama umetoka mtungi mmoja.

Anza na chumba cha ndani kabisa, maliza mlangoni. Fungua makabati na droo, funga madirisha, weka chetezo sakafuni katikati, mbali na mapazia na vyandarua, toka nje na watu wote. Dakika 15, kisha ingia, toa chetezo, fungua madirisha nusu saa. Ukikaa ndani na makaa yanayowaka huku umefunga, unavuta kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na harufu nzuri ya udi haiizuii kukuua. Mwenye pumu, mtoto mchanga na ndege wa kwenye tundu hawaingii hadi moshi wote uishe. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu ni bora itumie chetezo cha umeme, kwa vipande vichache, au iache kabisa moshi na kuning'iniza vifuko vya karafuu kabatini.

Nguo zifukizwe nje ya kabati, zikiwa kavu kabisa. Tenga la ukindu lililofunikwa juu ya chetezo, nguo zikatandazwa juu ya tenga, dakika 10 upande mmoja na 10 mwingine, na mtu amesimama hapo hapo. Pamba na hariri hushika harufu kwa wiki. Nailoni huishika siku moja na inaweza kusinyaa kwa joto. Chetezo kisiingizwe kabatini hata kwa dakika moja.

Wapo pia wanaofukiza mtungi wa maji ya kunywa, au glasi, kwa kuufunika juu ya moshi kabla ya kujaza maji. Hiyo ifanywe kwa ubani mtupu. Udi uliopikwa na marashi ya dukani si wa kwenda kinywani.

Makaa yakizimika yaache kwenye chetezo hadi kesho yake ndipo uyamwage. Jivu linaloonekana limepoa linaweza kuwa na chembe nyekundu ndani kwa saa nyingi, na pipa la plastiki halihitaji zaidi ya chembe moja.